Mdogo wangu ni mpangaji wangu, na marupurupu yake ya nyumba yamekatwa: nifanyeje?

Dada wa Kasarani

Hamjambo, wenzangu. Nina ploti ndogo hapa Kasarani, Nairobi, yenye nyumba 8, ambayo niliijenga kwa mkopo wa Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, ninaoulipa hadi leo. Nyumba 7 ni za chumba kimoja cha kulala na kodi yake ni shilingi 13,000 kwa mwezi. Ya nane ina vyumba viwili, kodi yake ni 18,000, na tangu mwaka 2021 anaishi humo mdogo wangu wa kiume pamoja na mkewe na watoto wao wawili.

Kwa muda wote huo sikuwahi kumkumbusha kodi hata mara moja. Mwajiri wake alimlipa mshahara wa kimsingi wa shilingi 40,000 na juu yake marupurupu ya nyumba ya shilingi 15,000, naye aliongeza 3,000 zake, na kabla ya tarehe 5 kodi ilikuwa imeingia kwenye simu yangu. Mwezi wa tatu mwaka huu kampuni ilipata wasimamizi wapya, na ule mstari wa marupurupu ukatoweka kwenye hati yake ya mshahara. Aliniambia jambo hilo kwa sentensi moja tu, tukiwa tumesimama langoni, na tangu siku hiyo hatujalizungumzia tena.

Leo ni mwezi wa sita nami namdai kodi ya miezi 3, yaani shilingi 54,000. Ninatumia kitabu cha risiti cha karatasi ya kaboni, na nikikipekua naona majina ya wapangaji wote isipokuwa lake. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba ameanza kunikwepa. Anarudi usiku baada ya saa nne, na nikipita kwenye ngazi nasikia televisheni ikizimwa. Juma lililopita mtoto wake wa kike alikuja kwangu kuomba chumvi, akasema kabla hata sijamsalimu, “Shangazi, baba hayuko.” Mimi sikuwa nimemuuliza.

Mama yetu yuko Wundanyi na hajui lolote. Nikimweleza, najua atasema kwamba nyumba ya dada ni nyumba ya kaka, na hapo mazungumzo yatakwisha. Lakini Sacco haitasema hivyo. Je, nimpunguzie kodi? Nimpe notisi kama ambavyo ningempa mpangaji mwingine? Hatukuwahi kuandikiana chochote. Na hesabu za kodi ya mapato ninazowasilisha KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, kila mwezi niziandikeje, ikiwa nyumba ina watu na hailipiwi? Naomba ushauri wa watu waliopitia haya, kwa sababu siko tayari kumpoteza ndugu yangu, na pia siko tayari kuipoteza ploti.

Mzee wa Buruburu

Dada, pole sana. Mimi nilifanya kazi katika ofisi ya wafanyakazi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kabla hujagusa suala la kodi ningependa tuanze na pale tatizo lilipoanzia. Umeandika kana kwamba marupurupu yaliisha kama msimu wa mvua unavyoisha. Yalikatwa na mtu, na huenda mtu huyo hakuwa na haki ya kuyakata.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa karibu na mahali pa kazi, au amlipe fedha za kutosha za kodi juu ya mshahara wake. Hiyo siyo hisani ya kampuni. Wajibu huo huondoka hasa pale ambapo mkataba wenyewe unasema kwamba mshahara ni wa jumla na kwamba ndani yake mna fungu la nyumba, au pale ambapo mapatano ya chama cha wafanyakazi yamelijumuisha fungu hilo. Aidha, kifungu cha 10 kinasema kwamba masharti ya ajira yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, aurekebishe mkataba na amjulishe kwa maandishi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mdogo wako ni hili: je, mwezi wa tatu aliweka sahihi kwenye karatasi yoyote? Nimewaona vijana wengi wakitia sahihi mkataba mpya wakisimama kando ya meza, bila kusoma ule mstari unaosema kwamba mshahara sasa ni wa jumla. Kama alitia sahihi mkataba wa namna hiyo, dai lake linakuwa gumu ingawa halijafa. Kama hakutia sahihi popote, na zile 40,000 bado zimeandikwa kuwa mshahara wa kimsingi, basi anadai shilingi 15,000 kwa kila mwezi uliopita, na hilo ni deni kama deni lolote.

Aandike barua ya heshima kwa mwajiri, akiuliza ni kwa msingi gani marupurupu yaliondolewa, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Asipojibiwa, aende kwa afisa wa kazi wa serikali akiwa na hati za mshahara za kabla na za baada. Asilale, kwa sababu madai ya ajira yana ukomo: kwa kawaida ni miaka 3, na kwa kosa linalorudiwa kila mwezi ni miezi 12 tangu likome.

Jambo moja dogo, kwa kuwa linawachanganya wengi: kwenye hati ya mshahara atauona mstari mwingine wenye neno nyumba, wa asilimia 1.5. Hiyo ni tozo ya nyumba za bei nafuu, inayokatwa kutoka kwake, na haihusiani kabisa na marupurupu aliyokuwa akilipwa. Nimewahi kumsikiliza mtu aliyedhani kwamba cha kwanza kimechukua nafasi ya cha pili. Sivyo.

Mwenye Ploti, Donholm

Dada wa Kasarani, nimesoma ulichoandika kuhusu ile televisheni inayozimwa na nikalazimika kuweka simu chini kwa muda.

Mwaka 2017 nilikuwa nimempangisha mdogo wangu wa kike, ambaye shirika alilokuwa akifanyia kazi lilikuwa likimlipia nyumba. Mradi ulipokwisha, malipo ya nyumba yakaisha nao, na tukafanya vile mnavyofanya ninyi sasa: tukanyamaza. Mimi nilijiambia kwamba ninamstahi, na yeye alijiambia kwamba nimesamehe. Ilipofika miezi 5, benki ikanipigia simu mimi, na jioni ya Ijumaa moja nikaenda nikafunga mlango wake kwa kufuli, yeye akiwa hayupo. Niliporudi kutoka dukani nilimkuta binti yake ameketi kwenye ngazi akiwa na sare ya shule, begi amelipakata, wala halii. Aliniamkia vizuri kama kawaida. Niliifungua ile kufuli pale pale, nayo haikuwa imekaa hata saa moja, lakini dada yangu alihama wiki iliyofuata, na hadi leo hatujavuka salamu. Deni lenyewe lilikuja kutajwa mbele ya watu katika mkutano wa matanga ya baba, na sitaki kueleza zaidi.

Mwaka 2020, korona ilipokuja na binamu yangu akapunguziwa mshahara, nilifanya tofauti. Nilimwita, tukaketi mezani, akanionyesha alichokuwa akipokea hadi shilingi ya mwisho, nami nikamwonyesha ninachodaiwa na benki. Tukatenga vitu viwili ambavyo nilikuwa nimevichanganya kwa dada yangu: kile ninachokutolea kama ndugu, na kile ninachokudai kama mwenye nyumba. Nikamwambia kwamba kwa miezi 6 ninakuachia shilingi 4,000 kila mwezi, na hizo sitazidai kamwe, hata ukija kuwa tajiri. Zilizobaki ni kodi, na kodi italipwa. Tukaandika ukurasa mmoja, mke wangu na mkewe wakawa mashahidi. Alilipa.

Usimpunguzie kwa moyo tu. Ukipunguza bila kutaja kiasi na muda, yeye hatajua kama amesaidiwa au amevumiliwa, nawe utajikuta ukihesabu kila mfuko wa unga anaopita nao langoni.

Wakili Mtaani

Nitajibu upande wa sheria ya upangaji na ule wa KRA, kwa kuwa wengine wamegusa mengine vizuri.

Kutoandikiana hakumfanyi kuwa mgeni wa bure. Kwa kuwa analipa mwezi kwa mwezi, upangaji wake unahesabiwa kuwa wa mwezi kwa mwezi, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 57, inaruhusu upande wowote kuuvunja kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha kodi, ambayo ni lazima iishie siku ya kulipa kodi. Tuchukue kwamba kodi yenu ni ya tarehe 1: notisi itakayotolewa tarehe 10 Juni haiishi tarehe 10 Julai, bali tarehe 1 Agosti. Wenye nyumba wengi hukosea hapo. Watu watakutajia pia mahakama maalumu ya kodi za nyumba, lakini sheria inayoiongoza inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500, hivyo nyumba yako haimo.

Kufuli, kung’oa mlango, kukata stima au maji ili mtu ahame mwenyewe ni mambo ya kuepukwa kabisa, awe ndugu au asiwe. Hata ukitaka kukamata mali kwa sababu ya malimbikizo, sheria inataka kazi hiyo ifanywe na dalali mwenye leseni, wala si wewe na mlinzi wa ploti. Sidhani kwamba unataka kufika huko, nami sikushauri.

Kuhusu KRA: nyumba zako zinaingiza zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka na chini ya milioni 15, kwa hiyo unailipa serikali asilimia 7.5 ya kodi yote ya nyumba iliyopokelewa, bila kutoa gharama, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kiwango hicho kilianza Januari 2024; kabla ya hapo kilikuwa asilimia 10. Neno la kuzingatia ni iliyopokelewa. Mdogo wako akilipa 18,000, sehemu ya serikali ni 1,350. Akilipa 13,000, ni 975. Asipolipa chochote, unawasilisha mapato ya nyumba nyingine 7, na siku atakapolipa malimbikizo unayaingiza katika mwezi ule uliyoyapokea. Makubaliano ya maandishi yatakusaidia hapa pia, kwa sababu ukiulizwa kwa nini nyumba yenye watu ilikuwa haiingizi kitu, utakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Niliyekuwa Mdaiwa

Mimi nilikuwa upande wa mdogo wako, kwa hiyo nitasema machache. Mtu anayezima televisheni hajakudharau. Mimi nilikuwa nikisikia viatu vya kaka yangu kwenye korido na moyo unadunda, kisha nakaa gizani nikijiambia kwamba kesho nitamfuata. Kesho hiyo haikufika mpaka yeye aliponitumia ujumbe: “Njoo tule Jumapili, na uje na hati yako ya mshahara.” Nililala usingizi usiku ule.

Na je, hakuna nyumba ya chumba kimoja itakayobaki wazi karibuni? Kaka yangu alinihamishia kwenye nyumba ndogo zaidi ndani ya ploti ile ile. Ilinibana, lakini kila nilipolipa nilijua kwamba nimelipa kodi kamili, siyo kodi ya kuhurumiwa.

Dada wa Kasarani

Nawashukuru wote, na hasa wewe wa Donholm, kwa sababu najua haikuwa rahisi kuandika.

Jumapili nilimwita mdogo wangu na mkewe. Alikuja na hati za mshahara za miezi 6 zikiwa zimekunjwa ndani ya bahasha ya kaki, na nilipomuuliza lile swali la Mzee wa Buruburu akasema hakutia sahihi karatasi yoyote. Barua ya mwajiri tuliiandika pamoja pale pale mezani. Kisha tukazungumza juu ya kodi. Wifi yangu ndiye aliyesema kwanza kwamba wakipata nyumba ya 13,000 wataimudu. Mpangaji wa nyumba namba 3 ameshanipa notisi ya kuhama mwisho wa mwezi wa saba, kwa hiyo wataingia hapo tarehe 1 Agosti. Kwa mwezi wa sita na wa saba atalipa 13,000 katika nyumba anayokaa sasa, na zile 5,000 za kila mwezi nimemwachia, tumeandika kwamba si deni. Zile 54,000 ni deni, naye atazilipa 3,000 kwa mwezi, na mwajiri akirudisha chochote kitaanzia hapo.

Sacco nimeiomba iniongezee muda wa kulipa na bado sijajibiwa. Mama naye hatujamwambia. Mdogo wangu ameomba amweleze mwenyewe, tutakapokwenda Wundanyi mwezi wa nane.