Fundi kuita kigari changu JENEZA mbele ya bibi yake bibi harusi, hili nimelikataa

Mzee wa Bustani:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, hata viatu sijavua. Leo saa kumi na mbili na robo jioni, mbele ya watu mia mbili waliovaa kuliko siku zote za maisha yao, yule fundi wenu ameshika kiuno akatamka kwa sauti ya mnadani: "Mzee, hili si gari, hili ni jeneza la matairi."

Jeneza. Kwenye harusi. Na kitini amekaa bibi mzaa baba wa bibi harusi, miaka themanini na ushei, kanga yake mpya bado ina harufu ya duka.

Jina silitaji, mnamjua. Wa Kigamboni mnamjua, wa Mbagala mnamjua, na kama una kitu chochote chenye waya ndani ya nyumba basi kesha­kula hela yako. Yule wa ovaroli la bluu. Kwake kila kitu ni "kazi ndogo hiyo bosi". Friji, kazi ndogo. Pampu, kazi ndogo. Mpelekee ndege iliyokatika bawa, atakwambia acha elfu hamsini ya spea, pitia kesho jioni.

Mliowahi kufanya sherehe kwangu mnakijua kile kigari. E-Z-GO TXT ya 1998, ya umeme, volti 36, vile vya viwanja vya gofu. Kutoka getini mpaka ufukweni ni mita mia nne za mchanga, na mzee mwenye magoti mabovu hawezi mchanga. Kile kigari kimebeba mabibi, kimebeba mjamzito wa miezi tisa, kimebeba keki ya ngazi saba bila kudondosha hata ua moja la sukari. Fremu yake ni chuma, na hewa ya bahari inatafuna chuma usiku kucha, kwa hiyo kila mwezi nalala chini yake mwenyewe na brashi ya waya na rangi. Halafu mtu aje aseme jeneza!

Chini ya kiti kuna betri sita za volti sita sita, zimeungwa sirizi, yaani moja nyuma ya nyingine mpaka volti zinajumlishana. Kila moja ni kama kilo 28. Kila moja ina vifuniko vitatu, jumla 18, na kila wiki mbili navifungua vyote 18 kwa tochi. Tochi, si kiberiti, maana hewa inayotoka mle wakati wa kuchaji inalipuka. Naangalia plati, zile bamba za risasi za ndani, zimezama au zimeanza kuchungulia, naongeza maji ya betri ya chupa, yale yaliyoondolewa chumvi, haina hata chembe. Na siyajazi mpaka juu kabla ya kuchaji, kwa sababu yakipata moto yanapanda, yanamwagika na asidi, na ile asidi inashukia kwenye fremu. Miaka minne nafanya hivyo. Mteja hajawahi kuzimikiwa.

Wiki iliyopita kikaanza kuchoka. Kikifika mnazi wa pili kinatambaa. Nikamwita yeye. Hakutoa mita ya volti, hakutoa kipimo cha asidi, akagusa vichwa vya betri kwa kidole kama mtu anayeonja mchuzi, akasema mbili zimekufa. Nikatoa laki nne. Akarudisha kigari kinakimbia, nikamshukuru, nikampa na soda.

Leo kimezimika katikati ya njia, bibi yuko juu. Ukikanyaga pedali solenoidi, ile swichi ya kupeleka umeme kwenye mota, inagonga, tak, mota kimya. Tak, kimya. Sikuhangaika kupiga simu, maana fundi mwenyewe alikuwa hapohapo kwenye harusi, amechangia, ana kadi. Akaja na paja la kuku mkononi. Hakuinama. Hakufungua kiti. Akatafuna, akameza, akasema lile neno.

MC alikuwa amezima muziki ili tusikilizane. Watu wote wamesikia. Bibi akasema "Innalillahi", akashuka, akavua viatu, akaanza kutembea mchangani pekupeku, ameshikwa na wajukuu wawili huku na huku. Bibi harusi analia, wanja unashuka mpaka kidevuni. Na yeye bado anatafuna!

Wageni walipoondoka nikafungua kiti. Wakuu. Betri zangu mbili za volti sita hazipo. Ameweka MOJA ya gari, N70, volti 12, ameipaka rangi nyeusi ifanane na wenzake, na rangi imechuruzika mpaka kwenye kebo. Kwamba sita na sita ni kumi na mbili, hesabu imetimia! Betri ya gari ni ya kuwashia injini: inatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, alternata (jenereta ya injini) inairudishia. Haikuumbwa kunyonywa jioni nzima na mota inayopandisha watu wanne mchangani. Na kwenye sirizi mkondo ni uleule kwa wote. Huyo dhaifu akiisha, wenzake wanaendelea kumburuza mpaka afe, na yeye anazima msafara mzima.

Sijamaliza. Nne zilizobaki nikamulika tochi. Juu ya plati kuna utando wa rangi ya kutu, na pembeni mwa kila tundu duara jeupe, lile lile ninaloliona kwenye sufuria zangu za jikoni. Maji ya kisima! Kisima changu mwenyewe, kile ambacho chai yake hainyweki kwa chumvi. Kidumu alichotumia, cha mafuta ya kula cha lita tano, bado kipo nyuma ya choo cha wafanyakazi.

Halafu yeye ndiye wa kusema jeneza. Aliyekiua ndiye anayekisomea wasifu. Mbele ya bibi.

Chura wa Jangwani:

Pole mkuu. Ila "jeneza la matairi" nimecheka mpaka mtoto ameamka.

Mama Pilipili:

Bibi wa themanini na ushei ametembea mchangani pekupeku mpaka ufukweni? Basi bibi ni mzima kuliko kigari. Siku zote mlikuwa mnambebea nini?

Konda Mstaafu:

Kigari cha 1998 ni mtu mzima na watoto wawili. Fundi amekosea mahali pa kusemea tu, alichosema sahihi.

Mzee wa Bustani:

Konda, wewe ulikuwepo? Ulimwona bibi anavyovua viatu? Kigari cha 1998 ukikitunza kinatembea, mota yake ni ya brashi, ngumu, spea zinapatikana. Kilichokufa ni betri, na ameziua yeye. Usiniambie habari ya umri.

Fundi Nyaya:

Mimi natetea ufundi, simtetei huyo. Kuweka N70 humo ni wizi, na maji ya chumvi ndani ya betri ya asidi ni kuizika, hata uyamwage uweke mengine haitarudi ilivyokuwa. Usihangaike na hizo nne.

Ukitaka uhakika, zipime kabla hujanunua mpya. Betri ya volti sita iliyojaa, ikipumzika saa kadhaa bila chaja wala mzigo, inasoma karibu 6.37, zote sita 38 na pointi. Kisha pima moja moja mtu akiwa amekanyaga pedali kigari kiko kwenye mzigo, inayoporomoka peke yake ndiyo mbaya. Ukinunua, nunua sita kwa mpigo. Ukichanganya mpya na kuukuu, kuukuu inaishusha mpya hadhi yake ndani ya miezi. Na kebo zibadilishe, kebo iliyooza kwa ndani inapata moto mpaka inayeyusha kichwa cha betri.

Sasa swali. Unachajia nini? Kama ni chaja iliyokuja nacho, ile ya Marekani ya volti 120, unatumia transfoma ya kushushia, sivyo? Transfoma inashusha volti, hezi, yale mapigo ya umeme kwa sekunde, haibadilishi. Zile chaja za zamani nzito zimetengenezewa hezi 60, huku kwetu ni 50. Inaunguruma, inachemka, na betri haizilishi inavyotakiwa. Inawezekana zilianza kuchoka kabla huyo jamaa hajagusa.

Mzee wa Bustani:

Ahsante mkuu, nimekusikia, na kweli inaunguruma. Nitatafuta chaja ya hezi 50. Lakini chaja haijamtukana bibi! Chaja haijasimama na paja la kuku ikasema jeneza!

Chura wa Jangwani:

Paja au kidari? Tuwekane sawa.

Abiria wa Mwisho:

Huyo wa ovaroli la bluu namjua!! Alinitengenezea friji, sasa inagandisha mlangoni halafu ndani nyanya zinaiva.

Kijana wa Kijiweni:

Afadhali nyie. Mimi nimenunua bajaji ya umeme kwa mkopo, fundi akanipa chaja ya volti 48, betri ni 60. Nikachaji usiku kucha siku nne nikidhani betri mbovu. Namfuata ananiambia "mlie wote na bajaji yako".

Fundi Nyaya:

Kijana, chaja ya 48 haiwezi kujaza betri ya 60 hata uchaji mpaka Idi. Soma kibandiko cha betri kabla hujatoa hela.

Dada wa Tabata:

Ngoja niseme na langu maana mmenikumbusha. Fundi cherehani. Gauni la send-off ya mdogo wangu, nimelipa lote, kitenge cha laki mbili. Asubuhi ya shughuli nalichukua, mkono mmoja umeshonwa nje ndani. Namwambia, ananiangalia juu mpaka chini anasema, "Dada, gauni halina tatizo, mwili ndiyo umebadilika tangu nikupime." Alinipima Jumanne, leo Jumamosi!!

Mama Pilipili:

Eeh! Alithubutu?

Dada wa Tabata:

Alithubutu. Na pini mdomoni.

Mzee wa Bustani:

Poleni wote, lakini uzi huu ni wa kigari. Jumamosi ijayo nina harusi nyingine, bibi zao wawili, mmoja anatembelea fimbo. Kuna mtu Dar anayeuza betri za volti sita za kweli, sita kwa pamoja?

Konda Mstaafu:

Dada wa Tabata, huyo fundi ni yule wa karibu na mashine ya kusaga?

Dada wa Tabata:

Huyo huyo! Na wewe alikushonea nini?

Konda Mstaafu:

Kaunda suti. Suruali moja fupi, moja ndefu.

Mama Pilipili:

Suruali ni moja, Konda.

Konda Mstaafu:

Nasema miguu.