"Hiki kwa sheria hakipo!" Wakuu, leo nimedhalilishwa mbele ya ukumbi mzima

NyundoTatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, sijala tangu mchana. Nimetoka ukumbini saa tisa, nikapanda daladala, nimekuja kushtuka niko mwisho wa ruti na kituo changu nilishakipita zamani.

Mnamjua. Jina silitaji, na mnamjua. Yule wa miwani inayoning'inia shingoni, anayealikwa kila semina ya wabunifu, anayeanza kila hotuba na "mimi nilipokuwa Ulaya". Huyo huyo.

Leo kaletwa kutufundisha mambo ya hataza, ile hati ya serikali inayolinda ubunifu wako usiigwe. Mimi nimewahi kufika, nimekaa mstari wa mbele, kifaa changu nimekifunga kwenye kitambaa safi. Ni kibano cha kukandamiza springi ya vali ya injini. Chuma chake nimekikata kwenye springi ya lori iliyovunjika, skrubu nimeitoa kwenye jeki kuukuu. Nimekipiga grenda, nimekisugua msasa mpaka unajiona uso. Unaikandamiza springi kwa mkono mmoja, mkono wa pili unabaki huru kupachika vile vipande viwili vidogo vinavyoishika vali, vile ambavyo kila fundi humu ameshavitafuta kwa tochi chini ya gari akiwa amelala kwenye mafuta. Miezi saba, wakuu. Miezi saba nakosea, nakata upya.

Akaniita jukwaani. Nikafungua kitambaa. Akakichukua kwa vidole viwili. VIDOLE VIWILI! Kama mtu anayemtoa panya aliyefia kwenye pipa la maji. Akakiinua juu watu wote wakione, akaniuliza, "Una hataza?" Nikasema, "Bado, mzee." Akageukia ukumbi: "Basi hiki kwa sheria hakipo."

HAKIPO! Kipo mkononi mwake! Kina kilo mbili! Kingemponyoka kikamshukia kidole cha mguu, kelele zake zingesikika Bagamoyo, na angejua kama kipo au hakipo!

Ukumbi ukacheka. Ndipo akamleta shujaa wake, George Selden. Eti huyo ndiye baba wa gari Marekani, mwanasheria mwerevu wa Rochester aliyepeleka maombi yake 1879 wakati mafundi wamelala, na viwanda vikubwa vikaja kumlipa. Mahakama ikampa ushindi 1909. Makofi. Akakaa.

Akakaa! Kasimamisha hadithi 1909 kama daladala iliyokatisha ruti, abiria tushuke tutembee!

Sasa ngoja niwapeleke hadi mwisho wa ruti. Selden aliiona injini ya Mmarekani mwenzake Brayton kwenye maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876. Tarehe 8 Mei 1879 akapeleka maombi ya gari la injini. Kisha akayakalia. Ofisi ya hataza ikimwandikia, sheria ya wakati ule inampa miaka miwili ya kujibu, naye anaimaliza karibu yote, anarekebisha sentensi moja, anarudisha. Alijua miaka 17 ya hataza inahesabiwa kuanzia siku ya kupewa hati, na mwaka 1879 barabara hazikuwa na magari ya kutoza. Akangoja wengine wachomwe na jua, wapasuke mikono, walishe familia kwa mkopo, biashara ichangamke. Novemba 5, 1895 ndipo akachukua hati yake, namba 549,160. Miaka 16 na nusu! Na katika miaka yote hiyo hakuingiza barabarani hata gari moja lake. HATA MOJA. Halafu mimi wa kilo mbili za chuma ndiye ambaye kitu changu hakipo?

Mwaka 1899 hati ikaingia mikononi mwa Electric Vehicle Company, kampuni ya magari ya betri, na kufika 1903 viwanda vikaunda chama cha wenye leseni ya kuitumia hataza hiyo. Ada ilikuwa asilimia 1.25 ya bei ya kila gari. Gari la dola 1,000, unatoa dola 12 na senti 50 kwa ajili ya gari ambalo Selden hajawahi kulikanyaga. Wakawa wanatangaza magazetini kuwatisha wanunuzi, kwamba ukinunua gari lisilo na leseni umenunua na kesi. Henry Ford akagoma. Wakamshitaki 1903, na ni kweli akashindwa 1909. Akakata rufaa.

Tarehe 9 Januari 1911 mahakama ya rufaa ikasema: hataza ya Selden ni halali, ila ni ya gari lenye injini ya aina ya Brayton. Ford na wenzake wanatumia injini ya aina nyingine, ya Mjerumani Otto. Hakuna aliyemwibia mtu. Kwisha! Mwaka mmoja na ushee kabla hati haijafa yenyewe, ikabaki ya kufungia vitumbua.

Hilo hakulisema. Alikuwa ameshika kibano changu kwa vidole viwili na hakulisema.

MzeeWaGrisi

Mkuu pole sana. Namjua, kila mtu anamjua. Mimi mwaka juzi nilimpelekea mashine yangu ya kupukuchua mahindi, nikaiwasha, naye akapokea simu. Kaongea mpaka gunia likajaa. Alipomaliza akaniuliza, "Utaiwasha saa ngapi?" Gunia limejaa pembeni yake!

Kichwa_Pikipiki

Tupia picha ya kibano.

HakimuWaKijiweni

Gazeti zima hili ni kwa sababu ya vidole viwili? Ulitaka akibebe mgongoni?

Na usimchafue Selden ovyo. Mwaka 1878 alijenga injini ya silinda tatu, na silinda moja aliikamilisha ikawaka. Lengo lake lilikuwa kuipunguza uzito injini ya Brayton ili ibebeke garini, na wakati huo injini zilikuwa za kufungwa chini kiwandani. Aliwaza gari kabla ya wengi. Hakuwa na mtaji, basi.

Halafu hiyo injini ya Otto unayoitegemea, nenda kaisome vizuri. Otto aliijenga kwa mikono 1876, akapata hataza ya Ujerumani namba 532. Mwaka 1886 ikafutwa! Ilionekana Mfaransa Beau de Rochas alishaieleza injini ya mipigo minne ya pistoni kwenye andiko lake la 1862, na huyo Mfaransa hakuijenga. Karatasi imemshinda fundi hapo, tena mahakamani. Jibu hilo.

NyundoTatu

@HakimuWaKijiweni nalijibu. Andiko la Mfaransa halikumtoza mtu hata senti! Liliufungua mlango, Benz na Daimler na kila mwenye tezo wakapita bure. La Selden lilikuwa geti na mlinzi mwenye rungu. Unalinganisha mlango na geti?

Silinda moja iliwaka, sawa, hongera yake. Gari liko wapi? Gari lilijengwa kesi ikiwa tayari mahakamani, kwa ajili ya kuwaonyesha mawakili, na ubavuni wakalipaka rangi "1877". Limejengwa karne ya ishirini, limeandikwa 1877! Lilipojaribiwa likawa linasuasua. Hilo ndilo LIPO. Kibano changu kinachofanya kazi kila siku gereji ndicho HAKIPO.

Na ungekuwepo ukaona vile vidole ungenyamaza.

BintiWaMakorora

Kaka yangu NyundoTatu, pole, ila mnavyozungumza hapa utadhani magari yalitengenezwa na wanaume watupu na mawakili wao. Mimi nina langu limenikaa kooni siku nyingi.

Hataza namba 37435, Januari 29, 1886, ina jina la Karl Benz. Haya. Fedha za kuinusuru karakana yake kabla hata hawajaoana zilitoka kwa nani? Kwa Bertha, mchumba wake, kwenye fedha alizotengewa na kwao kwa ajili ya ndoa. Na Agosti 1888 nani alilichukua gari alfajiri na wanawe wawili, mume kalala, akaliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100? Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Waya ukachubuka, akauzungushia mkanda wa soksi yake. Mafuta yakaisha, akanunua kwenye duka la dawa Wiesloch. Breki za mbao zikaliwa, akamsimamisha fundi viatu azipigilie ngozi. Huo ndio utambi wa breki mnaotuuzia leo kwa bei ya kuku watatu! Mwonyesheni mtu hiyo hataza namba 37435, mwambieni atafute jina la Bertha.

Mimi mwenyewe gereji nikifungua boneti wanauliza, "Dada, mwenye gari yuko wapi?"

MzeeWaGrisi

Dada BintiWaMakorora umenena. Na aliyebuni waipa naye ni mwanamke, Mary Anderson wa Alabama. Alikuwa New York ndani ya tramu, theluji inaanguka, dereva kafungua kioo anapigwa na baridi usoni ili aone mbele. Akachora mkono wenye mpira unaozungushwa kwa mpini kutoka ndani. Hataza akapata Novemba 10, 1903, ile ile miaka ya kesi ya Ford. Mwaka 1905 akaipeleka kwa kampuni moja ya Canada, wakamjibu haina thamani ya kibiashara. Ikaisha muda wake 1920, hakuvuna kitu. Miaka michache baadaye waipa ziko kwenye kila gari.

Kwa hiyo NyundoTatu hata ungekuwa na hati mkononi, huyo wa miwani angekwambia haina soko.

Kichwa_Pikipiki

Picha, mkuu.

Abiria_Sugu

Mmegusa waipa, mmenigusa jipu. Jana mvua ile, daladala niliyopanda waipa ya dereva imefungwa kwa kamba ya katani. Kamba inapita dirishani inaingia ndani, na mtu wa kiti cha mbele ndiye anayevuta. Mtu wa kiti cha mbele ni mimi! Nauli nimelipa kamili! Nikipumzika dereva anaguta, "Vuta baba, sioni!" Kutoka Mwenge mpaka Posta navuta, mkono leo siwezi kunyanyua kikombe. Hivi naye dada Mary angeona hili?

SpanaYaMtaani

@Abiria_Sugu nimecheka mpaka mke wangu kaja kuchungulia. Ungemdai konda ujira.

NyundoTatu, hicho kibano kinaingia injini za vali nne kila silinda? Mimi ninazo mbili hapa zimelala, ningekihitaji hata kesho. Bei gani?

HakimuWaKijiweni

Suala ni kwamba mafundi wenyewe mnaibiana. Leo NyundoTatu akitupia picha, Ijumaa kitakuwa kimechomelewa gereji kumi. Ndiyo maana hataza zikawepo. Dunlop naye alilia sana: mwaka 1888 kapata hataza ya tairi la upepo, miaka miwili tu anaambiwa Thomson aliandikisha kitu hicho hicho 1845. Kama hati zisingetunzwa, nani angemkumbuka Thomson?

NyundoTatu

Hataza sijaikataa! Nani kasema nimeikataa? Fomu nimejaza nusu, iko hapa mezani, michoro nimeichora kwa rula. Ninachokataa ni mtu kunishikia kazi ya miezi saba kwa vidole viwili, halafu ananitolea mfano wa mtu aliyekalia karatasi miaka 16 na nusu! Angesema, "Kijana, kazi nzuri, kaiandikishe upesi." Maneno matano. Alishindwa maneno matano. Alipomaliza hata mkononi hakunirudishia, alikiweka sakafuni. SAKAFUNI, wakuu, karibu na mguu wa meza, nikainama mbele ya watu wote kukiokota.

BintiWaMakorora

Sakafuni? Hapo amekosa adabu kabisa. Pole kaka.

Stata_Imekufa

Samahani kwa kuingilia, naona mafundi mko wengi. Gari langu asubuhi nikiwasha linalia tiki tiki tiki, haligeuki. Fundi wangu kanibadilishia betri, nimelipa, bado tiki tiki. Sasa anasema tubadilishe stata. Naibiwa au siibiwi?

SpanaYaMtaani

Unaibiwa. Kafungue teminali za betri kwanza, kama zina ukoko mweupe zisafishe kwa maji ya moto na brashi, kaza. Angalia na waya wa ethi unapofungwa kwenye bodi, mara nyingi kutu iko hapo.

MzeeWaGrisi

Shukuru una stata. Cadillac ndiyo iliyoanza kuuza gari la stata ya umeme, toleo la 1912, kazi ya Charles Kettering. Kabla ya hapo ni hendeli. Injini ikirudisha, hendeli inakuvunja mkono. Baba yangu alikuwa utingo wa lori la hendeli, alitufundisha usiizungushie kidole gumba, vidole vyote vikae upande mmoja.

NyundoTatu

Mzee usiniongelee vidole leo.

Stata_Imekufa

@SpanaYaMtaani ukoko upo, tena mwingi, na waya wa ethi umelegea unacheza. Na betri ya zamani fundi kaondoka nayo!

Abiria_Sugu

Hao ndio zao! Mimi aliondoka na jeki, spana ya magurudumu na kapeti za miguuni. Nilipompigia akasema hazikuwemo.

Kichwa_Pikipiki

Mimi alikunja injini akabakiwa na boliti nne, akanikabidhi kwenye mfuko, eti "hizi ni za ziada."

BintiWaMakorora

Nne? Mimi sita na springi moja. Ngoja nianzishe uzi wake.

SpanaYaMtaani

@Stata_Imekufa betri ya zamani kaidai leo leo, wanaiuza kwa kilo. Ukichelewa utaambiwa imeshayeyushwa.