Naomba ushauri: bigijii yangu ya ukwaju haitoi puto, na mzigo unasubiriwa Jumatatu

Ukwaju_Kwanza: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza bigijii ya ukwaju, mzigo wa majaribio kilo 10. Dakika mbili tatu za mwanzo inatafunika vizuri, lakini ukiipuliza inatoboka kabla puto halijafika ukubwa wa ndimu. Ikifika dakika ya tano inageuka nyeupe na kukatikakatika mdomoni. Nimeweka sukari ya unga kilo 6, glukosi ya maji kilo moja na nusu, besi (ule mpira wenyewe unaobaki mdomoni) kilo 2, gliserini kidogo, arki na rangi. Karatasi za kufungia zimeshachapwa na duka la jumla wanasubiri Jumatatu. Nakosea wapi? Nawasilisha.

Njiti_Moja: Uzi wa puto bila picha ya puto. Haya, nimekaa paleee.

FundiPipi: Mkuu, "gliserini kidogo" si kipimo. Kwa kilo 10 anzia hapa: besi kilo 2.2, sukari ya unga 5.8, glukosi 1.85, gliserini gramu 70, arki gramu 80. Besi ipashwe moto hadi nyuzi 80 au 90 ilainike, ndipo iingie kwenye mashine ya kukandia yenye mikono mizito. Tia glukosi na sehemu ya sukari, kanda, ongeza sukari iliyobaki kwa awamu mbili, kisha gliserini. Arki iwe ya mwisho, maana ukiitia mapema joto linaipeperusha. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, na donge litoke likiwa kwenye nyuzi 45 hadi 50.

Sukari isagwe mpaka vidole visisikie chenga. Chenga moja ni tundu moja kwenye puto. Ukishakata vipande, vilaze usiku kucha chumba kikavu, nyuzi kama 20. Kwa unyevu wa Dar ukivifunga vikiwa na joto vinatoa jasho, na karatasi haibanduki tena.

Bi_Kandili: Kumbe zaidi ya nusu ya bigijii ni sukari! Halafu mnawauzia watoto, kesho mnashangaa meno. Tengenezeni kashata jamani.

FundiPipi: Kashata nayo ni sukari, shangazi.

Kemia_ya_Jikoni: Tumrudie mwenye uzi. Puto linatokana na besi, vingine vyote ni abiria. Ndani ya besi ya bigijii kuna polima, yaani molekuli za minyororo mirefu, kama raba ya butili na polivinili asetati, pamoja na rezini, nta na unga wa chokaa. Hiyo minyororo imesokotana kama tambi zilizopoa kwenye sahani. Ukipuliza, inajinyoosha. Pale utando unapoanza kuwa mwembamba, minyororo inakaza na kugoma kuvutika zaidi, basi mvuto unahamia palipo pazito bado. Ndiyo maana puto zuri lina unene unaokaribiana pande zote. Minyororo ikiwa mifupi hakuna kinachokaza, penye wembamba panazidi kuwa pembamba, paa!

Ndiyo maana besi ya jojo ya kawaida, ile ya kutafuna tu, haitoi puto la maana, ya bigijii huchaguliwa kwa nguvu ya utando. Na hata ukiwa na besi nzuri, usipulize mapema. Tafuna kwanza sukari yote iyeyuke, maana punje zake zinakatiza utando. Ukinywa maji baridi katikati besi inakakamaa, subiri ipate joto la mdomo tena.

Sasa swali. Kutoboka naelewa, ila kugeuka nyeupe na kukatika si kosa la sukari. Besi yako ni ipi?

Ukwaju_Kwanza: Ni ya kawaida tu mkuu, kuna mtu ananiletea. Nadhani tatizo ni gliserini.

Mzee_wa_Tarehe: Msimkatishe tamaa kijana. Frank Fleer wa Philadelphia alitengeneza ya kwanza mwaka 1906, akaiita Blibber-Blubber. Ilinata vibaya mno, haikuingia sokoni. Mwaka 1928 Walter Diemer, mhasibu wa kampuni hiyohiyo ya Fleer, akapata mchanganyiko uliokubali. Akaipaka rangi ya waridi kwa sababu ndiyo iliyokuwapo karibu, na mpaka leo bigijii nyingi ni za waridi. Ikaitwa Dubble Bubble, na Diemer mwenyewe akawafundisha wauzaji kupuliza.

Njiti_Moja: Mhasibu! Kumbe tatizo la mwenye uzi ni kutosomea hesabu.

Kemia_ya_Jikoni: Besi ni punje au mabamba? Mfuko umeandikwaje?

Ukwaju_Kwanza: Ni ya maji. Nyeupe.

FundiPipi: Besi ya bigijii ya maji? Haipo. Inakuja ikiwa punje au vipande vigumu. Umeweka nini humo?

Ukwaju_Kwanza: Sawa, ni gundi ya mbao. Lakini msinirukie. Nimesoma kwamba besi ina PVA, na gundi ya mbao ni PVA, hata ndoo imeandikwa. Polivinili asetati ni polivinili asetati. Nimeshanunua ndoo mbili za kilo 20. Na waliotafuna hawajalalamika.

Bi_Kandili: Subhanallah.

Kemia_ya_Jikoni: Basi jibu ndilo hilo. Ile gundi ni matone ya plastiki yaliyoelea kwenye maji, na mara nyingi yanashikiliwa yasigande kwa polivinili alikoholi, kitu kinachonyonya maji. Mate yakiingia, utando unavimba, unakuwa mweupe na kuachana. Ni dalili ulizotuandikia mwenyewe. Tena humo kuna vilainishi na dawa za kuzuia ukungu ambazo hakuna aliyezipima kwa ajili ya tumbo la mtoto. PVA ya chakula ni rezini kavu, imesafishwa, na haitumiki peke yake.

Njiti_Moja: Wakuu, hii ni chai, tena ya rangi. Gundi ile karibu nusu ni maji. Kilo 2 za gundi, kilo 6 za sukari na glukosi juu, hapo unapata uji wa kubandikia mabango. Huyu "alitafunaje vizuri dakika mbili"? Ama ni mwanafunzi anafanyiwa kazi ya kemia, ama kesho anakuja na namba ya kuuza besi.

Ukwaju_Kwanza: Sikuimimina mbichi! Niliianika kwenye sinia siku tatu ikawa kama plastiki, nikaikatakata, nikaipasha, ndipo nikapima kilo 2.

Kemia_ya_Jikoni: Hapo inaingia akilini. Ikikauka inalainika tena kwa joto, hata la mdomo. Ndiyo maana inamdanganya mtu dakika za mwanzo.

Njiti_Moja: Nimepunguza chai, nusu kikombe.

FundiPipi: Jumatatu sahau. Mpigie mwenye duka leo, na hizo kilo 10 usigawe hata kipande. Agiza besi ya chakula, sema ni ya bigijii, na dai cheti cha maabara cha kundi husika. Kwa sababu unataka ukwaju, mwambie muuzaji isiwe ya chokaa, iwe ya talki, unga wa jiwe laini usioshikana na asidi. Asidi ya ukwaju ikikutana na chokaa inatoa gesi, donge linavimba na uchachu unapotea. Halafu nenda TBS, Shirika la Viwango Tanzania, usajili kabla ya kuuza, chakula kiko kwao tangu 2019.

Ukwaju_Kwanza: Na nikichanganya nusu gundi nusu besi, ili ndoo zisipotee?

FundiPipi: Hapana.

Kemia_ya_Jikoni: Hapana. Hata robo.

Ukwaju_Kwanza: Haya. Ndoo moja sijaifungua. Kuna seremala humu?

Njiti_Moja: Niko Keko. Bei?