Mrejesho: Valvu ya moyo ya ng'ombe au nguruwe hudumu miaka mingapi?

Wakuu, niliuliza hapa valvu ya kibaolojia (iliyotengenezwa kwa tishu ya ng'ombe au nguruwe) hudumu muda gani na ikichakaa inakuwaje. Nimefuatilia kwa madaktari wa moyo, mrejesho huu.

Kwa mzee wa miaka 65 kwenda juu, valvu ya aota (mlango wa damu kutoka moyoni kwenda mwilini) kwa kawaida hufika miaka 10 hadi 15, nyingine hupita hapo. Kwa kijana huwahi kuchoka: kalsiamu hujikusanya haraka kwenye vipande vyake, vinakakamaa au kuchanika. Ya mitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) huchakaa mapema kuliko ya aota.

Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, kisha mara nyingi aspirini. Ila mgonjwa ambaye mapigo yake hayana mpangilio haachi dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda, na hili wengi hawaambiwi kabla ya kuchagua valvu.

Eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) ya kwanza baada ya operesheni tunzeni majibu yake. Ndiyo ya kulinganishia: kwa valvu ya aota, wastani wa tofauti ya presha kati ya pande zake mbili ukipanda kwa 10 mmHg au zaidi na kufika 20, daktari aangalie haraka. Ikichakaa, mpya inaweza kupitishwa kwenye mshipa wa paja ikakaa ndani ya ile ya zamani. Kwa hiyo ulizeni mapema saizi ya valvu inayowekwa. Ya milimita 19 huachia hiyo mpya nafasi finyu mno.

Kung'oa jino, ili bakteria wasishambulie valvu: antibiotiki ya amoksilini gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla, kama hana mzio wa penisilini. Na ambaye valvu iliharibiwa na homa ya rumatiki, sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 inaendelea kama kawaida.