Naomba ushauri: malipo ya Kaspa, bloku 10 kwa sekunde, nisubiri muda gani?

Salam alekum wakuu, nina kiduka cha kava na chaja hapa Mwembe Tayari, Mombasa, sasa kuna kijana ataka kunilipa kwa Kaspa, sarafu ya mtandaoni kama Bitcoin. Bitcoin naifahamu, bloku moja (fungu la malipo yanayoandikwa pamoja) kama dakika 10, zikigongana mbili moja yatupwa, lakini hii tangu Mei 2025 yatoa bloku 10 kila sekunde na zilizozaliwa pamoja zote zabaki, ati kanuni yake iitwayo GHOSTDAG ndo yazipanga foleni. Nimejitumia vijisenti mara tatu, hata kahawa sijaipuliza zishaingia, na hiyo ndo yanitia wasiwasi. Je, ile foleni yaweza kupinduka mteja ashavuka feri na chaja yangu? Na kwa mzigo wa shilingi 5,000 nisubiri sekunde ngapi?