Msaada: maneno ya Kiingereza ya nyumba na vyumba vya wageni, nianzie wapi?

Bint Mkoani
Asalaam aleikum wanajamvi. Wiki tatu zijazo nna usaili wa kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni huko Nungwi. Kiingereza cha skuli nnacho, lakini nikitaka kueleza chumba maneno yananikimbia. Nimepakua orodha ya maneno 300 ya nyumba. Nakariri asubuhi, ikifika magharibi yameshatoka. Humo mna "chimney", "cellar", "attic". Hivi yote haya nayahitaji? Na yepi yana mitego?

Mwalimu wa Jioni
Waaleikum salaam, bibie. Hiyo orodha iweke kando. "Chimney" ni dohani la kutolea moshi wa jiko la kuotea moto, "cellar" ni chumba cha chini ya ardhi. Nungwi nani atakuuliza dohani liko wapi?

Maneno yanakutoka kwa sababu unakariri neno kwa neno, na Kiswahili hakiikati nyumba pale pale Kiingereza kinapoikata. Chukua "kabati". La nguo ni "wardrobe". Likiwa limejengwa ndani ya ukuta, Mmarekani ataliita "closet". La vyombo jikoni ni "cupboard", na hiyo p haitamkwi, sema kama "kabad". Kile kikabati cha dawa juu ya sinki la bafuni ni "cabinet". Chukua "ngazi": za kujengwa ni "stairs", ya kuegemeza ukutani ni "ladder". Ukimwambia mgeni chumba chake kinapandwa kwa "ladder", atauliza kama kuna nyumba nyengine jirani.

Kinyume chake pia kipo. Sakafu ni "floor", na ghorofa nayo ni "floor".

Kodi ya nyumba ni "rent", kodi ya serikali ni "tax". Mpangaji ni "tenant" naye anafanya "rent". Mwenye nyumba ni "landlord", akiwa mwanamke "landlady", naye anafanya "let" au "rent out". Sisi tunamaliza kazi kwa kiambishi kimoja, kupanga na kupangisha. Wao wanabadilisha neno zima au wanaongeza "out".

Sasa namna ya kusoma. Usifuate alfabeti, fuata miguu ya mgeni: "gate", "reception", "corridor", "stairs", mlango wa chumba, kitanda, bafu. Maneno 15 kwa siku yanatosha. Andika kwenye vipande vya karatasi, bandika kwenye vitu vyenyewe nyumbani, na kila kimoja kiwe na "a" au "the" yake. Ukipita, kisome kwa sauti ndani ya sentensi nzima: "The towels are in the wardrobe." Rudia siku ya 1, ya 3, ya 7 na ya 14. Siku ya 7 geuza karatasi ziangalie ukuta. Lile lisilokujia ndilo la kurudia, mengine yaache.

Kikwajuni Juu
Kwenye ghorofa ndipo watu wanapopotezana na masanduku mikononi. Kwa Mwingereza, chini kabisa ni "ground floor", ukipanda mara moja ni "first floor". Mmarekani anaanza kuhesabu pale pale chini, kwa hiyo "first floor" yake ni pale unapoingilia. Sisi tunahesabu kama Mwingereza. Mgeni akikutatiza, sema "one floor up from reception", hapo hakuna ubishi.

Kuna na "storey", ambayo inahesabu madaraja yote pamoja na la chini. Ile nyumba tunayoiita ya ghorofa moja, chini na juu, wao ni "two-storey house". Ukitafsiri moja kwa moja ukasema "one-storey", umeshaibomoa juu. Nyumba moja ndani ya majumba ya Michenzani ni "flat", Mmarekani anasema "apartment", na jumba lenyewe ni "block of flats".

Mtu wa Mapokezi
Mimi naongeza yale yanayoleta ugomvi saa tano ya usiku, mgeni ameshachoka na ndege.

"Double room" ni chumba cha watu wawili chenye kitanda kimoja kikubwa. "Twin room" ni chumba cha watu wawili chenye vitanda viwili vidogo. Mapacha hapo ni vitanda, wageni hawahusiki. Marafiki wawili walioomba "twin" ukiwapa "double", hawalali.

"Half board" ni chai ya asubuhi na chakula cha usiku. "Full board" inaongeza cha mchana. "Bed and breakfast" inaishia asubuhi.

Halafu saa. Kutoka chumbani saa nne asubuhi ni "ten". Ukiwa na haraka ulimi utasema "four", na mgeni atalala mpaka alasiri akijua ana haki yake.

Kubwa kuliko yote: acha "self-contained" na "master". Huku kwetu "chumba selfu" au "masta" maana yake kina choo na bafu ndani. Kwa Mwingereza, "self-contained" ni makao yenye jiko lake, bafu lake na mara nyingi mlango wake wa kuingilia, kwa hiyo atakuuliza jiko liko wapi. Na "master bedroom" ni chumba kikubwa cha kulala cha mwenye nyumba. Unachokitaka wewe ni "en suite", kwa sauti "on swiit". Wengi wanasoma "suti", halafu mgeni anafikiri ni nguo.

Mkaazi wa Forodhani
Hapo kwenye "self-contained" umekaza mno, ndugu yangu. Mabango Afrika Mashariki nzima yanaandika hivyo na wageni waliokwisha zunguka wanaelewa.

Mtu wa Mapokezi
Wanaelewa waliokwisha kuja. Anayeweka nafasi akiwa kwao hajaja bado, naye ndiye anayelipa kabla ya kuona. Kwenye usaili sema "en suite".

Fundi wa Chwaka
Hamjagusa matengenezo, na mgeni hakuiti kusifia. Kariri malalamiko kama sentensi nzima: "The tap is dripping", mfereji unadondosha. "The sink is blocked", sinki limeziba. "The toilet won't flush", choo hakivuti maji. "There's no hot water." "The bulb has gone", taa imeungua. Umeme ukikatika mtaa mzima ni "power cut", usiseme "the light is cut". Jibu lako ni moja kwa yote: "I'll send someone up straight away."

Mtego wa fundi ni "funga" na "fungua". Mfereji sisi tunafungua, wao "turn on". Tunafunga, wao "turn off". Ukisema "open the tap" atakuelewa, ila "close the AC" itamfanya atafute mlango wake. Mlango sasa: kurudishia tu ni "close", kutia ufunguo ni "lock". Ukimwambia mgeni "please close your door when you go to the beach", atairudishia na kwenda zake, simu iko kitandani. Hapo sema "lock". Kitasa ni "lock", kufuli ni "padlock", komeo ni "bolt".

Mwalimu wa Jioni
Fundi kanikumbusha sauti. Kiswahili hakitofautishi i fupi na ndefu kama wao. "I live here" ni naishi hapa, "I leave here" ni naondoka hapa. Shuka ni "sheet", na hiyo "ee" ivute haswa. Ukiikata fupi umetukana. Ukiona ulimi hautii, sema "bed linen" uokoke. Foronya ni "pillowcase", chandarua ni "mosquito net".

Bint Mkoani
Allah awalipe. Nimejaribu, nisahihishieni: "Our accomodation has two floors. Your room is in the first floor, you go to upstairs. It has two bed, beautiful furnitures and bathroom inside. Outside there is baraza." Baraza kwa Kiingereza nini?

Mwalimu wa Jioni
Umeanza vizuri. "Accommodation" c mbili na m mbili. Lakini hilo ni neno la makaazi kwa jumla, nyumba yenyewe ni "guesthouse". Ghorofani ni "on the first floor". Kiambishi chetu -ni kinabeba "in", "on", "at" na "to", kwa hiyo kila chumbani na mezani inabidi uamue upya. "Upstairs" haitaki "to": "you go upstairs". Vitanda viwili ni "two beds". "Furniture" haiongezwi s hata iwe samani ya nyumba nzima. Kimoja ni "a piece of furniture". Na mwisho: "an en suite bathroom".

Baraza usiitafsiri. "Bench" ya mbao si baraza, na "veranda" ina paa na nguzo. Litaje kwa jina, kisha lieleze: "a baraza, the stone bench built along the front wall, where people sit and talk." Mgeni atalipenda zaidi akilijua kwa jina lake.

Fundi wa Chwaka
Na makuti ni "palm-thatched roof". "Thatched" itamke "thacht", usiongeze silabi. Hilo hakika utaulizwa, maana likivuja ndiyo simu ya kwanza ya masika.