Binti yangu ameandikwa "ME" kwenye cheti cha kuzaliwa kwa sababu tu anaitwa Mfaume

Wanajukwaa, salaam.

Ninaandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza mambo kwa utaratibu ili asije mtu akasema nimekurupuka. Binti yangu wa kwanza ana miezi sita na siku chache. Anaitwa Mfaume. Kwenye cheti chake cha kuzaliwa, katika nafasi ya jinsi, pameandikwa ME, na aliyeandika hivyo hakuteleza kalamu. Aliandika kwa kukusudia, kisha akanicheka usoni nilipokwenda kumwomba arekebishe.

Nianze na jina, maana najua nusu ya wachangiaji wataanzia hapo. Sisi ni Wamakonde wa huku Mtwara, na kwetu mtoto huhesabiwa ni wa ukoo wa mama yake. Mke wangu alilelewa na mjomba wake, ambaye ndiye aliyemlipia ada, ndiye aliyegharamia unyago wake, na ndiye aliyeipokea posa yangu. Mzee huyo aliitwa Mfaume. Alifariki mimba ikiwa ya miezi saba, na katika siku zake za mwisho alitamka mbele ya watu wazima kwamba angependa mtoto atakayezaliwa arithi jina lake, awe wa kiume au wa kike. Akazaliwa wa kike. Siku ya saba tulichinja mbuzi mmoja, kama ilivyo sunna kwa mtoto wa kike, kwa hiyo mtu asidhani kwamba nyumbani kwetu tulichanganyikiwa. Mwalimu wa madrasa aliuliza maana ya jina, akajibiwa kwamba ni "mfalme" kwa matamshi ya wazee wa pwani, akasema maana ni njema, akamwombea mtoto dua kwa jina hilohilo. Mama mkwe wangu, ambaye ni dada wa marehemu, humwita "kaka" kila anapompokea na kumfunga mgongoni. Sitaeleza zaidi ya hapo, kwa sababu sioni ni kwa nini mtu wa ofisini anidai maelezo hata hayo.

Sasa nije kwenye cheti. Mtoto alizaliwa katika kituo cha afya, na mkunga aliyempokea kwa mikono yake aliandika kwenye tangazo la kizazi kwamba ni KE. Nilipeleka tangazo hilo panapoandikishwa watoto walio chini ya miaka mitano, ambako cheti hutolewa bure na huandikwa kwa mkono. Nilipokabidhiwa nilisoma tahajia ya majina matatu, nikasoma tarehe, nikasoma jina la mama yake, nikakikunja na kukitia mfukoni. Jinsi sikuitazama. Hilo ni kosa langu na ninalikiri, ingawa sijui ni baba gani husoma cheti cha mwanawe akitafuta kama kweli ni binadamu wa jinsi aliyozaliwa nayo.

Tungeendelea hivyo kwa miaka kama si mvua za masika kuingia ndani na kulowesha kadi ya kliniki hadi maandishi yakafutika. Mke wangu aliomba kadi nyingine, na muuguzi, badala ya kuuliza, alinakili taarifa kutoka kwenye cheti na kumpa kadi ya mvulana. Mtoto akatiwa kwenye mizani ya kuning'iniza, akapatikana na kilo 6.2. Wale wenye watoto mnajua kwamba ukuaji husomwa kwa mistari iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, na kwamba mistari ya wavulana na ya wasichana haifanani. Kwa mvulana wa miezi sita, uzito ulio chini ya kilo 6.4 huhesabiwa kuwa pungufu. Kwa msichana wa umri huohuo, mpaka huo ni kilo 5.7. Kwa hiyo binti yangu, ambaye ni mwembamba kama mama yake lakini mzima kabisa, aliwekewa nukta chini ya mstari, na mke wangu akasemwa mbele ya foleni nzima ya wanawake kwamba hamlishi mwanawe, na akaelekezwa aanze kumtilia karanga kwenye uji, yaani aelekezwe kuhusu karanga mtu aliyezikuta shambani kwa bibi yake. Alirudi nyumbani akilia. Siku mbili hakulala, anamwamsha mtoto usiku kumnyonyesha. Ndipo nilipoitandaza kadi mezani kando ya cheti, nikaziona zile herufi mbili za wino wa bluu, M na E, zimeandikwa kwa mkono wa mtu asiye na wasiwasi hata kidogo.

Nilikwenda ofisini nikiwa mpole. Nilikuwa na tangazo la kizazi lenye KE na cheti chenye ME, na nilidhani suala lingechukua dakika kumi. Mhusika alizitazama karatasi zote mbili, akaniambia kwamba alipoona jina Mfaume aliamini mkunga ndiye aliyekosea, kwa hiyo "akasahihisha". Nikamuuliza kama mkunga alimwona mtoto au hakumwona. Akacheka. Akasema, "Mzee, jina umempa la kiume mwenyewe, ulitaka tuandike nini?" Mwenzake wa meza ya pili akashauri nimwite Mwanamfaume, kama watu wanavyosema Mwanahamisi na Mwanajuma, au nimwite Malkia, ndipo mambo yatakuwa mepesi. Wakaanza kujadiliana wao kwa wao lipi linapendeza, mimi nimesimama.

Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Kila msimu, kuanzia Oktoba, majina hupita mbele yangu kwa mamia, na ninajua kwamba nikikosea herufi moja kwenye stakabadhi ya mkulima, fedha zake zinakwama benki na mtu anashindwa kununua dawa ya kupulizia mikorosho. Kwenye daftari langu nina Bahati mwenye ndevu na Bahati mjane. Nina Riziki wa kiume na Riziki wa kike, nina Shida, Mashaka na Tumaini wa pande zote mbili. Huwa siwakisii. Huwa ninainua macho na kutazama, na mkulima akiwa hayupo huwa ninauliza. Nchi hii imewahi kuwa na Waziri wa Elimu mwanamume aitwaye Shukuru Kawambwa, na Lindi imewahi kuwa na mbunge wa viti maalumu mwanamke aitwaye Riziki Lulida, na sijasikia kwamba Bunge lilipotea njia. Kiswahili chenyewe hakina yeye wa kiume na yeye wa kike. Hata wazee wetu hawakulipigilia jina msumari, kwani mtoto alikuwa akienda jandoni au unyagoni na jina moja na kurudi na jingine, na hakuna aliyegeuka jinsi njiani.

Nakubali kwamba Mfaume kwa msichana si jina la kawaida. Atataniwa shuleni, na sisi wazazi wake tutalibeba hilo pamoja naye. Lakini kulibeba jina ni jambo moja, na kubandikwa jinsi isiyo yake ni jambo jingine kabisa. Iceland kuna kamati ya majina tangu mwaka 1991, na sheria yao ilitaka jina liendane na jinsi ya mtoto. Msichana mmoja aliyeitwa na mama yake Blær, jina lililohesabiwa kuwa la kiume, alifika umri wa miaka 15 akiandikwa kwenye nyaraka za serikali kwa neno lenye maana ya "msichana", mpaka mahakama ya Reykjavik ilipompa haki ya jina lake Januari 2013, na mwaka 2019 sheria yenyewe ikabadilishwa. Wale walikuwa wakali, lakini angalau walipomnyima jina hawakumnyima usichana. Wa kwetu wamepokea jina bila neno, wakamgeuza mtoto.

Na kwa sheria ipi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, nimeipitia kwa kadiri ya uwezo wangu, na sijaona ndani yake orodha ya majina ya wanaume na ya wanawake, wala ruhusa ya karani kukata alichoandika mkunga kwa sababu jina halikumpendeza.

Sasa ninaambiwa nilete kiapo, tangazo halisi, nakala za vitambulisho vya wazazi, na nisubiri. Kupata cheti ilikuwa bure, kukirekebisha ninalipia nauli, wakili na siku za kazi, kwa kosa ambalo aliyelitenda amekiri kwa mdomo wake. Na nisipofuatilia sasa, kosa hilo litaingia shuleni, litaingia kwenye namba ya mtihani, na siku moja binti yangu atapangiwa bweni la wavulana, halafu nitaulizwa tena kwa nini nilimpa jina la kiume.

Jumatatu ninarudi, na safari hii ninakwenda na mtoto mwenyewe na hereni zake masikioni. Aliyewahi kurekebishiwa jinsi kwenye cheti cha mtoto cha kuandikwa kwa mkono, naomba anieleze alianzia wapi, alidaiwa nini na ilichukua muda gani. Wanaotaka kunishauri nibadilishe jina wasijisumbue, wenzao wawili wa ofisini wameshanishauri.